Sigara ya Kwanza na Akili ya Kijana

Katika familia nyingi za Dar es Salaam zinazomuuguza mgonjwa wa skizofrenia, sigara huhesabiwa kuwa jambo dogo. Maadamu mgonjwa anameza dawa zake, analala usiku na hatoroki nyumbani, ndugu humwachia sigara zake, na wengine humnunulia wenyewe kwa moyo wa huruma. Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule moja ya sekondari wilayani Temeke, ambako nimepewa pia jukumu la malezi na unasihi, na nyumbani kwangu anaishi mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, aliyeugua skizofrenia muda mfupi baada ya kumaliza kidato cha sita. Kwa sababu hiyo mambo mawili ambayo kwa kawaida huzungumzwa mbalimbali, yaani kuwakinga vijana na sigara kwa upande mmoja, na kudhoofika kwa uwezo wa kufikiri wa wagonjwa wa skizofrenia kwa upande wa pili, kwangu mimi ni jambo moja. Ninaamini kwamba kumzuia kijana asianze kuvuta ni sehemu ya huduma ya afya ya akili, na katika andiko hili ninaeleza tafiti zilizonifikisha kwenye imani hiyo, pamoja na mahali ambapo tafiti hizo zenyewe hazikubaliani.

Skizofrenia inapotajwa, watu wengi hufikiria sauti ambazo mgonjwa anazisikia peke yake, au woga kwamba anafuatwa au amerogwa. Dalili hizo ndizo zinazowafikisha wagonjwa Muhimbili, au Mirembe kule Dodoma, na ndizo ambazo dawa zilizoanza na klopromazini nchini Ufaransa mwaka 1952 huzituliza kwa wagonjwa wengi. Zikishatulia, ndugu hushangaa kuona kwamba mtu wao bado hajarudi kuwa yule waliyemjua. Emil Kraepelin, daktari Mjerumani aliyeuchambua ugonjwa huu mwishoni mwa karne ya 19, aliweka kudhoofika kwa akili katikati ya maelezo yake, lakini kwa miongo mingi baadaye waganga walishughulika zaidi na sauti na maruweruwe kwa kuwa ndiyo yaliyopata dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani iliwakutanisha wataalamu, nao wakaafikiana juu ya maeneo saba ya akili yanayoguswa: kasi ya kupokea na kuchambua taarifa, umakini wa kudumu, uwezo wa kushikilia jambo kichwani wakati unalifanyia kazi, kujifunza kwa kusikia maneno, kujifunza kwa kuona, kutatua matatizo, na kuelewa hisia na nia za watu wengine.

Anayeishi na mgonjwa huyatambua maeneo hayo bila kufundishwa. Mpwa wangu anaweza kutumwa dukani kuleta unga, mafuta na kiberiti, akarudi na unga peke yake, na ukimuuliza hakumbuki kwamba ulitaja vitu vitatu. Ndani ya daladala iliyojaa, kondakta akitaja vituo kwa haraka huku redio ikipiga kelele, kituo chake kinampita kwa sababu akili yake haiwahi kuchambua sauti zote hizo kwa pamoja. Wapo ndugu wanaomwita mvivu, na neno hilo linaniumiza, kwa sababu kijana huyu alikuwa akiwafundisha wenzake hesabu jioni. Mtafiti Michael Green wa Los Angeles alikusanya tafiti zilizokuwapo na kuonyesha mwaka 1996 kwamba kumbukumbu na umakini vinahusiana na uwezo wa mgonjwa kuishi katika jamii na kujifunza stadi za maisha, huku ukali wa sauti na maruweruwe ukiwa hauhusiani sana na uwezo huo. Kwa maneno mengine, mgonjwa anaweza kunyamaziwa na sauti zote na bado akashindwa kushika kazi, kwa sababu kinachomkwamisha ni kile ambacho dawa zetu hazikigusi vya kutosha.

Sasa tuje kwenye sigara. Mwaka 2005 Jose de Leon na Francisco Diaz walijumlisha tafiti 42 kutoka nchi 20 na kukuta kwamba takriban 62% ya wagonjwa wa skizofrenia walikuwa wavutaji, kiwango kikubwa mno kuliko cha watu wengine katika nchi hizohizo. Kwa muda mrefu wataalamu wengi walieleza jambo hili kwa kusema kwamba mgonjwa anajitibu. Dai hilo halikuzuka hewani. Robert Freedman na wenzake huko Colorado walichunguza namna ubongo unavyochuja sauti: mtu mwenye afya akisikizishwa milio miwili inayofuatana upesi, ubongo wake huuitikia mlio wa pili kwa nguvu ndogo zaidi, kana kwamba unasema hilo nimeshalisikia, ilhali ubongo wa wagonjwa wengi wa skizofrenia huiitikia yote miwili karibu sawa. Nikotini hurekebisha hali hiyo kwa muda mfupi, na pia huongeza umakini kidogo kwa muda mfupi. Mpwa wangu aliponiambia, "Mama mdogo, nikivuta moja kichwa kinatulia," alikuwa akisema jambo analolihisi kweli, na sikumbishia.

Shida iko kwenye neno "muda mfupi". Mwaka 2018 Jentien Vermeulen na wenzake nchini Uholanzi walichapisha utafiti uliowafuatilia kwa miaka 6 wagonjwa zaidi ya 1,000 wenye saikosisi, yaani hali ya kusikia au kuamini mambo yasiyokuwapo, kama ilivyo katika skizofrenia, pamoja na ndugu zao wa tumbo moja na watu wasio na ugonjwa. Ikiwa sigara ingekuwa dawa ya akili, wavutaji wangetarajiwa kufanya vizuri zaidi katika vipimo vya kufikiri. Matokeo yalikwenda upande wa pili: uvutaji uliambatana na matokeo duni zaidi, hasa katika kasi ya kuchambua taarifa, na wagonjwa walioacha kuvuta waliongeza kasi hiyo. Huu ndio utafiti ulionigusa kuliko yote niliyosoma, kwa sababu unasema jambo ambalo familia inaweza kulitumia. Kasi ileile anayoihitaji kijana wetu ili asipitwe na kituo inarudi kidogo anapoacha sigara. Kuhusu matumaini ya kuchochea vipokezi vya nikotini, yaani sehemu za ubongo ambazo nikotini hunasa na kufanya kazi, kwa vidonge maalumu, bila moshi, dawa kadhaa zilijaribiwa na zikashindwa kuonyesha faida katika majaribio makubwa.

Liko swali gumu zaidi, nalo ni kama sigara yenyewe inachangia ugonjwa kuanza. Mwaka 2015 Pedro Gurillo pamoja na watafiti wa King's College London, akiwamo Robin Murray, walijumlisha tafiti 61 na kukuta kwamba 57% ya watu waliofika hospitalini kwa mara ya kwanza wakiwa na saikosisi walikuwa tayari ni wavutaji, na kwamba waliovuta kila siku waliugua mapema zaidi, kwa takriban mwaka mmoja, kuliko wasiovuta. Ikiwa mtu anaanza kuvuta kabla ya dalili, ile hoja ya kujitibu inapungua nguvu. Nchini Israel, vijana wa kiume zaidi ya 14,000 waliopimwa walipoingia jeshini walifuatiliwa kwa miaka, na waliokuwa wakivuta sigara 10 au zaidi kwa siku walikuwa na uwezekano wa kulazwa kwa skizofrenia zaidi ya mara mbili kuliko wasiovuta. Lakini utafiti wa Sweden wa mwaka 2003, uliotumia kumbukumbu za vijana zaidi ya 50,000 walioitwa jeshini, ulifikia jibu la kinyume baada ya kuzingatia mambo mengine. Kisha mwaka 2015 Kenneth Kendler na wenzake wakarudi hukohuko Sweden na kumbukumbu za watu zaidi ya milioni moja, wakaona hatari ikipanda kadiri uvutaji unavyoongezeka, na uhusiano huo haukufutika walipowalinganisha ndugu wa damu.

Ninayaandika yote mawili kwa makusudi. Mwalimu anayesimama mstarini na kutangaza kwamba sigara huleta wazimu atakuwa amesema zaidi ya ushahidi, na wanafunzi wanaomfahamu babu aliyevuta ugoro na sigara miaka 50 akiwa na akili timamu wataacha kumwamini, hata katika yale yaliyo hakika. Skizofrenia huwapata takriban watu milioni 24 duniani kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, yaani mtu mmoja kati ya 300 hivi. Wavutaji wengi mno hawaugui ugonjwa huo kamwe. Ninachoweza kukisema bila kutetereka ni kwamba umri ambao sigara huanza na umri ambao ugonjwa hujitokeza vinakaribiana sana. Ripoti ya mwaka 2012 ya Daktari Mkuu wa Marekani ilieleza kwamba karibu 9 kati ya kila watu wazima 10 wanaovuta kila siku walionja sigara ya kwanza kabla ya kutimiza miaka 18. Skizofrenia nayo hujitokeza zaidi kati ya mwishoni mwa ujana na miaka ya ishirini, kwa wavulana mapema kidogo kuliko wasichana. Na sehemu ya mbele ya ubongo, inayoshika umakini, mipango na kujizuia, inaendelea kukomaa hadi mtu anapokaribia miaka 25. Katika majaribio ya panya, nikotini waliyopewa katika umri unaolingana na ujana iliacha upungufu wa umakini ulioonekana hata walipokuwa wakubwa.

Tena, kushuka kwa uwezo wa kufikiri mara nyingi hutangulia sauti. Kijana aliyekuwa wa kumi bora anaanza kushika mkia, daftari zake zinajaa sentensi zisizokamilika, anajitenga na wenzake, na pengine ndiyo miezi ileile anaonekana kijiweni akivuta. Wazazi na walimu huiona sigara, kwa kuwa sigara inaonekana na ina adhabu yake, na mambo mengine yote wanayaweka chini yake: ameharibikiwa kwa sababu anavuta. Nimekwisha kukaa katika vikao vya nidhamu ambavyo mwanafunzi wa namna hiyo alichapwa, akasimamishwa masomo, na hakuna aliyeuliza usingizi wake ukoje au kama anasikia vitu ambavyo wengine hawavisikii. Si kila mwanafunzi anayeshuka darasani anaelekea kuugua; wengi wana njaa, au nyumbani kuna ugomvi. Ila kuuliza hakugharimu chochote, na kituo cha afya kinaweza kutoa rufaa mapema.

Kwa wale ambao tayari wanaugua, kuna jambo moja la kitabibu ambalo kila familia inapaswa kulijua. Moshi wa sigara, na hapa ni moshi wenyewe wala si nikotini, huchochea kimeng'enya cha ini kinachovunja baadhi ya dawa za akili, hususan olanzapini na klozapini. Mvutaji mkubwa kwa hiyo huhitaji dozi kubwa zaidi ili apate nafuu ileile. Akiacha ghafla, iwe kwa hiari yake, kwa kulazwa katika wodi isiyoruhusu sigara, au kwa kufunga mwezi wa Ramadhani, kiwango cha dawa katika damu kinaweza kupanda ndani ya siku chache, naye akaanza kusinzia kupita kiasi, kuyumba au kupata madhara makubwa zaidi. Ndugu wakiona hivyo husema, "Mnaona? Sigara ndiyo iliyokuwa ikimweka sawa," wakamrudishia pakiti. Kinachotakiwa ni kumwarifu daktari kabla ya kuacha, ili dozi ipunguzwe kwa mpango na mgonjwa afuatiliwe kwa karibu. Sisi tulifanya hivyo, tukaenda kliniki na daftari ambalo dada yangu alikuwa ameandika idadi ya sigara za kila siku na saa za kulala, na daktari alilisoma lote. Sigara za mpwa wangu zimepungua sana, ingawa hajaacha kabisa, na siku za msongo wa mawazo huongezeka tena.

Hofu kwamba mgonjwa wa akili akiacha kuvuta atachanganyikiwa zaidi imepimwa pia. Utafiti wa EAGLES, uliochapishwa mwaka 2016 ukiwa na washiriki zaidi ya 8,000, nusu yao wakiwa na magonjwa ya akili yaliyokuwa yametulia, ulilinganisha dawa za kumsaidia mtu kuacha sigara, yaani vareniklini, bupropioni na kiraka cha nikotini, na kidonge kisicho na dawa. Wenye magonjwa ya akili walipata misukosuko ya hisia mara nyingi zaidi kuliko washiriki wengine, kama inavyotarajiwa, lakini dawa hizo hazikuiongeza kwa kiasi cha maana zikilinganishwa na kidonge kisicho na dawa. Wenye skizofrenia huishi pungufu ya wengine kwa miaka 10 hadi 20, na sehemu kubwa ya vifo hivyo vya mapema hutokana na maradhi ya mwili, yakiwamo ya moyo na mapafu. Sioni huruma iliyomo katika kumwachia mtu kitu kinachofupisha maisha yake kwa sababu tu anaugua akili.

Nirudi shuleni, maana huko ndiko ninakoamini tunaweza kufanya mengi zaidi kwa fedha kidogo. Utafiti uliofanyika jimbo la Washington nchini Marekani kuanzia mwaka 1984 hadi 1999, katika wilaya 40 za shule na watoto zaidi ya 8,000, uliwafundisha wanafunzi darasani mwaka hadi mwaka namna ya kukataa sigara, kuanzia darasa la tatu hadi la kumi na mbili. Walipomaliza, waliofundishwa na wasiofundishwa walivuta kwa kiwango kinachokaribia kulingana. Kwa mwalimu hiyo ni habari nzito, kwa sababu namna walivyofundishwa wale watoto ilikuwa bora kuliko bango letu la mapafu meusi na hotuba moja kwa mwaka.

Kinyume chake, huko Uingereza na Wales, utafiti uitwao ASSIST uliochapishwa mwaka 2008 ulizihusisha shule 59 na wanafunzi zaidi ya 10,000 wenye umri wa miaka 12 na 13. Watafiti hawakuwaweka walimu mbele. Waliwaomba wanafunzi wataje wenzao wanaowasikiliza na kuwaheshimu, wakawachukua waliotajwa zaidi kwa mafunzo ya siku mbili nje ya shule, kisha wakawaacha wazungumze na marafiki zao kwa wiki 10 katika mazungumzo ya kawaida, wakati wa chakula, njiani kurudi nyumbani, uwanjani. Katika miaka miwili iliyofuata, uwezekano wa kuwa mvutaji ulipungua kwa takriban 22% ukilinganishwa na shule ambazo hazikupata mpango huo. Ninaliamini tokeo hili kwa sababu linafanana na ninavyowaona wanafunzi wangu: sigara ya kwanza haitoki kwa mgeni, hutolewa na rafiki, nyuma ya vyoo au kwenye kijiwe cha bodaboda, na maneno ya rafiki mwingine ndiyo yenye uzito wa kuipinga.

Mazingira ya jiji hili hayasaidii. Sheria ya mwaka 2003 ya kudhibiti bidhaa za tumbaku inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, ambao unazitaka nchi zijitahidi kuzuia uuzaji wa sigara moja moja. Hata hivyo, karibu na shule nyingi kuna kibanda ambako mtoto mwenye sare anauziwa sigara moja, na kiberiti kimefungwa kwa uzi pale dirishani. Shisha ilipigwa marufuku Dar es Salaam mwaka 2016, na hatua ile ilionyesha kwamba serikali ikiamua inaweza kusema hapana kwa bidhaa inayopendwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta kwamba 8.7% ya watu wazima nchini wanatumia tumbaku, wanaume wakiwa wengi zaidi. Kiwango hicho bado ni kidogo kikilinganishwa na nchi nyingi, na ndiyo maana ninasisitiza tuwahi sasa. Ni rahisi kuwalinda ambao hawajaanza kuliko kuwaondoa waliokwisha kunaswa.

Nimemwandikia mkuu wetu wa shule pendekezo la kujaribu namna ya ASSIST kwa kidato cha kwanza na cha pili, na ameniruhusu nianze na mikondo miwili. Sharti nililoliweka ni kwamba wanafunzi watajane wenyewe kwa karatasi za siri, na atakayetajwa achukuliwe hata kama si kiranja, hata kama jina lake limo katika daftari la mwalimu wa nidhamu. Muuguzi wa afya ya akili kutoka kituo cha jirani amekubali kuja siku ya pili ya mafunzo kuwaeleza dalili za mwanzo za saikosisi, ili kijana anayemsikia mwenzake akilalamika kwamba kuna sauti zinazomtukana ajue pa kumpeleka. Kwa wenye vibanda nitakwenda pamoja na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, aliyekwisha kusema kwamba ataanza na kile kilicho mkabala na geti letu.